SUKARI NA WAZIMU KATIKA JAMAA MOJA: JE, NI DAMU?

Katika namba hii, sisi wa sehemu ya biolojia na kemia tunataka kujibu swali ambalo wengi wanaliuliza kwa sauti ndogo. Katika jamaa fulani baba ao shangazi ana ugonjwa wa sukari. Halafu kijana wa jamaa hiyo hiyo anaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anasema peke yake, anaacha masomo. Mara moja majirani wanasema: "Ile jamaa iko na laana. Magonjwa mbili kubwa kwa nyumba moja? Hapana, kuna mutu anawaloga."

Maneno ya namna hii si mchezo. Yanaweza kuvunja uchumba. Yanaweza kumfanya bibi mzee ashitakiwe ulozi na kufukuzwa kijijini. Yanaweza kumfanya mgonjwa afungwe kamba nyuma ya nyumba, pahali pa kupelekwa kwa munganga. Basi tuangalie pole pole: magonjwa haya mawili yanahusiana kweli? Na kama yanahusiana, ni kwa njia gani?

1. MAGONJWA YENYEWE

Chakula tunachokula, ikiwa bugali, ndizi ao viazi, kinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo inapaswa kuingia katika mwili ili kutupa nguvu. Kinachofungua mlango ni insulini, maji yanayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Katika ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, kongosho inaacha kutoa insulini, na mara nyingi unaanza kwa watoto na vijana. Katika aina ya pili, insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri. Huo ndio ulio mwingi duniani. Alama zake: kiu kali, kukojoa mara mingi, kukonda, kuchoka, vidonda visivyopona.

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na Eugen Bleuler, munganga wa Uswisi. Mgonjwa anasikia sauti, anaamini kwamba watu wanamfuata kumuua, maneno yake yanakosa mpango, anajitenga na wenzake, hajali tena kuoga wala kula. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 15 na 30, ni kusema katika umri wetu huu wa shule. Lakini tuelewane: si kila anayesema ovyo ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, pombe kali ya lotoko, ao mateso ya vita, yote yanaweza kuvuruga akili. Ni munganga anayeweza kutofautisha.

2. WAZO LA ZAMANI

Wazo la kwamba sukari na wazimu vinatembea pamoja halikuanza leo. Mwaka 1879 Henry Maudsley, munganga wa akili kule London, aliandika kwamba ugonjwa wa sukari unaonekana mara nyingi katika jamaa zilizo na wazimu. Wakati ule insulini haikujulikana bado; ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Dawa za skizofrenia pia hazikuwapo. Ya kwanza, klopromazini, ambayo wengi wetu wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958.

Jambo hili ni la maana. Mbele ya dawa hizo waganga walikwisha kuona kwamba miili ya wagonjwa wengine wa akili haitumii sukari vizuri. Na hata siku zetu, wakiwapima vijana walioanza kuugua na ambao hawajameza kidonge hata kimoja, wanakuta kwamba kwa wengi insulini haifanyi kazi yake sawasawa. Kwa hiyo dawa peke yake haiwezi kubeba lawama yote. Kwa jumla, watu wenye skizofrenia wanapata ugonjwa wa sukari wa aina ya pili karibu mara 2 ao 3 kuliko watu wengine.

3. JENI ZINASEMA NINI?

Tulijifunza darasani kwamba kila mtu anapokea nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Kuna magonjwa ambayo jeni moja inatosha kuyaleta, kama vile ugonjwa wa siklemi. Lakini sukari ya aina ya pili na skizofrenia si hivyo. Hapa jeni ni nyingi, na kila moja ina nguvu ndogo tu. Fikirini chukudu iliyopakiwa makaa: gunia moja haliivunji. Lakini pakieni gunia juu ya gunia, halafu ipite njia yenye mashimo: inaweza kuvunjika.

Mwaka 2006 watafiti wa Islandi walitangaza jeni inayoitwa TCF7L2, ambayo namna yake moja inaongeza hatari ya sukari ya aina ya pili kuliko jeni nyingi zingine. Nyuma yake wengine waliikuta pia kwa wagonjwa wa skizofrenia, lakini si katika kila inchi walimopima. Mwaka 2022 watafiti wa inchi nyingi walionyesha sehemu 287 za jeni zinazohusu skizofrenia. Mwaka 2024 wengine walionyesha sehemu 611 zinazohusu sukari ya aina ya pili. Wakilinganisha orodha hizo mbili, wanakuta sehemu kadhaa zinazogusana, lakini nyingi ni za mbalimbali. Ni kusema: uhusiano wa damu upo, lakini ni mdogo. Hakuna "jeni ya laana" inayoleta magonjwa yote mawili.

Wazee wanasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kwa magonjwa haya methali hiyo haifai. Kati ya watoto 10 ambao mzazi mmoja ana skizofrenia, karibu 9 hawataipata. Hata mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi mwenzake anabaki mzima. Kama ingekuwa damu peke yake, wangeugua wote wawili sikuzote. Kwa hiyo kijana anayekataliwa kuoa juu ya kaka yake ni mgonjwa, anaonewa bure.

4. NJIA ZINGINE ZINAZOUNGANISHA

Kama damu ni sehemu ndogo, sehemu kubwa inatoka wapi?

Njia ya kwanza ni njaa. Katika baridi ya mwaka 1944 mpaka 1945, wakati wa vita, jeshi la Ujeremani lilizuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi. Mtu alipewa chakula chini ya kalori 1.000 kwa siku. Miaka mingi nyuma, waganga waliwafuata watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Wale ambao mimba zao zilianza katika njaa kali walipata skizofrenia karibu mara 2 kuliko wengine. Na katika watu wazima waliopitia njaa ile wakiwa tumboni, sukari ilipanda zaidi katika damu walipopimwa. Kumbe taabu moja, iliyompata mama mmoja, inaweza kugusa ubongo na pia kongosho ya mtoto, pasipo kubadilisha jeni zenyewe. Ni kama mbegu moja ya maharagi: iliyopandwa katika udongo mzuri na iliyopandwa juu ya mawe haitazaa sawa.

Sisi wa Masisi na Walikale tunasikia jambo hili kuliko wengine. Tangu mapigano yaliyoanza Ntoto mwaka 1993 na kuenea Masisi, mama wangapi wamebeba mimba wakikimbia, wakilala porini, wakiacha shamba likiwa na mavuno? Hatusemi kwamba watoto wao watakuwa wagonjwa; walio wengi wanakua wazima, nasi tumo kati yao. Tunasema kwamba sahani ya mama mwenye mimba ni dawa ya kwanza. Na tusidhani sukari ni ugonjwa wa matajiri wanene tu. OMS iliandika mwaka 1985 juu ya sukari inayotokana na kukosa chakula, ikaiondoa katika orodha yake mwaka 1999. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua kwa jina la aina ya tano. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo.

Njia ya pili ni dawa. Dawa za skizofrenia zinatuliza sauti na hofu, na watu wengi wanarudilia kazi na jamaa kwa ajili yake. Lakini nyingine zinaongeza njaa na unene, na zinapandisha sukari. Klozapini na olanzapini ndizo zinazozidi. Klopromazini pia inaweza. Haloperidoli inafanya hivyo kwa kiasi kidogo.

Njia ya tatu ni maisha ya mgonjwa. Anafungiwa ndani, hatembei, anavuta tumbako, anakula kinachobaki. Akilalamika kiu ao uchovu, wanasema, "Acha, ni kichwa yake tu." Hivyo sukari inamla polepole na hakuna anayeiona. OMS inasema kwamba wagonjwa wa akili wazito wanakufa miaka 10 mpaka 20 mbele ya wengine, na mara nyingi si wazimu unaowaua, ni magonjwa ya mwili ambayo hayakutunzwa.

5. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, anayeanza kumeza dawa za akili apimwe sukari na uzito mbele ya kuanza, apimwe tena nyuma ya miezi 3, halafu kila mwaka. Ni tone moja la damu kwenye kidole. Tukimsindikiza ndugu yetu kwenye kituo cha afya, tumuombe munganga kipimo hicho. Si aibu kuuliza.

Pili, dawa zisikatwe ghafula juu ya sukari imepanda. Akiziacha, sauti zinaweza kurudi kwa nguvu. Munganga anaweza kubadilisha dawa ao kuongeza ya sukari.

Tatu, na hili lishikwe vizuri na kila msomaji: mtu anayejidunga insulini akianza ghafula kutetemeka, kutoka jasho, kusema ovyo ao kupigana, si mapepo na si wazimu. Mara nyingi sukari yake imeshuka mno. Kama anaweza kumeza, mpeni upesi maji yenye sukari nyingi, ao asali, ao juisi ya muwa. Kama amezimia, msimimine kitu kinywani. Mlazeni upande, mkimbie naye hospitalini. Kumfunga kamba ao kumuwekea mikono masaa mawili bila sukari kunaweza kumuua. Anayetaka kuomba aombe, lakini kikombe kitangulie.

Ine, mgonjwa wa akili asifungwe wala kupigwa. Waganga wa vituo vyetu wanaweza kuanza matunzo na kuonyesha njia. Kwa magumu, Goma kuna kituo cha wagonjwa wa akili cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME. Vyote viwili ni kazi ya Frères de la Charité. Tunajua kwamba kutoka Pinga, Nyabiondo ao Walikale, kufika kule si rahisi; barabara na vita vinaweza kuzuia dawa kwa majuma. Kwa hiyo jamaa ihesabu vidonge mapema, iende kutafuta vingine kabla havijaisha.

Mwisho, ndugu wasomaji, jamaa yenye magonjwa haya mawili haina haja ya kutafuta mulozi. Ina haja ya mtu wa kupima, mtu wa kupika chakula kizuri, na mtu wa kukaa karibu na mgonjwa. Kila mmoja wetu, akirudi nyumbani likizo hii, asomee wazazi ukurasa huu, zaidi ile sehemu ya insulini na kikombe cha sukari. Anaweza kuokoa mtu mbele ya masomo kuanza tena.

Ni sisi, wanafunzi wa biolojia na kemia.