Mtoto wa kupakatwa kwenye barabara ya lami

Kwa miaka mingi safari ya kutoka Gwarama kwenda Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Dereva alikwepa mashimo, gari likatambaa, na mama aliyempakata mwanawe aliogopa zaidi vumbi na kichefuchefu. Sasa lami imefika kwenye barabara kuu inayotoka Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu. Mwendo wa magari umebadilika, lakini namna tunavyoketi ndani yake ni ileile ya enzi za vumbi. Hapo ndipo ilipo hatari.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye makazi ya watu, kila kilichomo ndani nacho kinakwenda kasi hiyohiyo: dereva, abiria, mtoto, hata dumu la mawese. Likigonga lori lililoegeshwa barabarani, bodi ya mbele inajikunja na gari linasimama kwa muda unaokaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Asiyefunga mkanda hasimami pamoja nalo. Anaendelea kwenda mbele kwa kasi ileile mpaka akutane na kitu cha kumzuia: usukani, dashibodi, kioo, au kisogo cha aliyeketi mbele yake.

Mtoto wa kilo 10 katika mgongano huo anahitaji nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140 ili azuiwe, yaani kama kukamata karibu gunia moja na nusu la mahindi linalorushwa ghafla. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kazi hiyo, hata akiwa macho na amemkumbatia mwanawe kwa nguvu zote. Na mama mwenyewe akiwa hajafunga mkanda, mwili wake unarushwa mbele na kumbana mtoto kwenye siti au dashibodi. Kasi ikifika kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mabasi ya abiria, nishati ya mgongano inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50.

Mkanda tunaoutumia leo, unaoshika mwili sehemu tatu, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Sweden, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Kazi yake ni kumfanya abiria apunguze mwendo pamoja na gari, na kuielekeza nguvu kwenye mifupa imara ya nyonga, kifua na bega badala ya tumbo na kichwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mkanda hupunguza uwezekano wa kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa abiria wa nyuma kwa asilimia 25. Tumezoea kusema ajali haina kinga. Kifo na ulemavu unaofuata ajali vina kinga, na kinga hiyo imeshonwa tayari kwenye siti.

Wengi huamini kuwa mkanda ni wa waliokaa mbele tu. Utafiti uliofanywa Japani, zinakotoka gari nyingi tunazopanda, na kuchapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet, ulionyesha kuwa abiria wa nyuma wasipofunga mikanda, hatari ya kufa kwa waliofunga mbele huongezeka karibu mara tano. Abiria wa nyuma anayerushwa huwaangukia walio mbele yake. Kwa hiyo anayefunga mkanda nyuma anamlinda pia dereva.

Namna ya kuufunga ina maana kubwa. Sehemu ya chini ya mkanda ipite juu ya mifupa ya nyonga, isikae tumboni. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifuani. Isiwekwe kwapani wala nyuma ya mgongo. Mkanda usijisokote na usilegee. Mama mjamzito naye afunge: sehemu ya chini ikae chini kabisa ya tumbo, ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Mtoto hawezi kufungwa kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, shingo yake ni laini, na mifupa ya nyonga bado haijakomaa kuushika mkanda. Ndiyo maana mtoto mchanga huwekwa kwenye kiti chake kinachotazama nyuma ya gari, ili mgongo mzima upokee nguvu na kichwa kisirushwe mbele. Abaki hivyo mpaka apite angalau umri wa miezi 15, na zaidi ya hapo kama bado anaenea. Baadaye anahamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake, kisha kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani badala ya shingoni. Mkanda wa gari peke yake humfaa akifikia urefu wa sentimita 150 hivi. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi, kwa kuwa ikifumuka inampiga mtoto kichwani.

Baridi ya nyanda zetu inaleta kosa jingine. Mtoto akiviringishwa blanketi nene kisha mkanda ukapita juu yake, mkanda huonekana umebana kumbe kuna nafasi ndani. Mfunge kwanza, kisha mfunike.

Je, familia isiyo na kiti cha mtoto ifanye nini inapopanda gari dogo la abiria kama Noah au mchomoko? Mtoto akae nyuma, asikae mbele. Mwenye umri wa kuketi mwenyewe apewe siti yake, hata ikibidi kulipia nauli. Mtoto mchanga anayepakatwa asifungwe ndani ya mkanda mmoja na mama, kwani uzito wa mama utamkandamiza. Mama ajifunge mwenyewe, mtoto abaki nje ya mkanda. Hiyo haimfanyi mtoto kuwa salama. Inapunguza ubaya tu, na dereva anayeendesha taratibu anapunguza zaidi.

Wamiliki wa gari nao wana wajibu. Gari nyingi zina mikanda ya nyuma, ila vifungio vyake vimezikwa chini ya kava za siti. Kuvitoa juu ni kazi ya dakika chache isiyo na gharama. Kubananisha watu wanne kwenye siti ya watatu kunamnyima mmoja wao mkanda tangu gari halijaondoka stendi.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilimlenga zaidi dereva na abiria wa mbele, na asasi za kiraia, kikiwemo chama cha wanasheria wanawake TAWLA, zimedai kwa miaka kadhaa siti zote na viti vya watoto viguswe na sheria. Madai hayo ni ya haki. Lakini mzazi hahitaji kumsubiri trafiki. Kabla gari halijaondoka, mwombe dereva akuonyeshe mkanda ulipo, ufunge, mfungie na mwanao, na asiyekuwa nao kwenye siti yake adai. Lami tuliyoingojea kwa miaka mingi ituletee maendeleo, isituletee misiba ya watoto inayozuilika.