Mkongojo Mkono Gani? Kweli na Uongo wa Vifaa vya Kutembelea

Mtu akianza kuchechemea tu, mtaa mzima hugeuka daktari. Ushauri huo bila shaka umeshausikia. Tuupime.

"Mkongojo hushikwa upande wa mguu unaouma." Si kweli. Ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Watazame watu wakitembea: mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto huenda nao. Mkongojo ukiwa mkono huo hutua pamoja na mguu mgonjwa na kugawana nao uzito. Nyonga nayo hupata nafuu. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya nyonga hiyo huvuta kwa nguvu ili kiuno kisiinamie upande wa pili, na mvuto huo huikandamiza nyonga yenyewe. Mkono wa upande wa pili ukiegemea mkongojo kidogo tu, mzigo hupungua sana. Kuhusu urefu, simama wima umevaa viatu, mikono ining'inie: kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Mkongojo uliorithiwa kwa babu mrefu ukatwe, hata kama ni wa mpingo.

"Magongo ni ya kuegemeza makwapa." Si kweli, tena ni hatari. Uzito hubebwa na viganja; kati ya kwapa na gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Anayejitundika kwa makwapa hubana neva, mkono ukaingia ganzi au kiganja kikashindwa kuinuka.

"Ukizoea mkongojo, miguu italegea." Si kweli. Kinacholegeza miguu ni kukaa. Anayeogopa kuanguka huacha kwenda sokoni, kisha msikitini au kanisani, mwisho hata uani hatoki. Mkongojo humwezesha kutoka tena.

"Mzee akizoea kitanda, kumwinua ni kazi." Kweli kabisa, na waliotuonya hivyo hawakuhitaji maabara. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu.

"Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia." Nusu kweli. Ni hivyo wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka, mkongojo na mguu mgonjwa ndio hutangulia.

"Kiti cha magurudumu ni kiti tu, chochote kitafaa." Si kweli. Vile vya wodini vina magurudumu madogo mbele, yanayofaa sakafu laini. Kwenye mchanga hukwama. Kwa njia zetu, kiti cha magurudumu matatu, la mbele likiwa limesogezwa mbali, hupita vizuri zaidi. Upana nao hupimwa mwilini. Na asiyehisi makalio yake anahitaji mto maalumu na kujiinua mara kwa mara, kwa sababu kidonda cha mgandamizo kitaanza bila yeye kusikia maumivu. Mafundi wa kazi hii wapo: chuo cha TATCOT, Moshi, huwafundisha, na nchini Kenya shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, hutengeneza viti hivyo.

"Mlangoni weka ubao wowote, kiti kitapanda." Si kweli. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8, kwa hiyo mwonyeshe fundi hesabu hiyo kabla hajakoroga saruji.