Neno, Kosa na Kishikwambi: Tathmini ya Usomaji wa Kiswahili katika Madarasa ya Subukia

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi vyombo vya dijitali vinavyotumiwa kupima usomaji wa Kiswahili katika madarasa ya chini ya shule za msingi, na aina ya mrejesho ambao mwalimu na mwanafunzi huupata kutokana na vipimo hivyo. Mfano wetu ni Subukia, Kaunti ya Nakuru, bonde lililo kando ya barabara iendayo Nyahururu. Tutajaribu kuonyesha kwamba vyombo hivi vimejengwa juu ya dhana ya neno na dhana ya kosa ambazo hazijapimwa kwa mizani ya Kiswahili, na kwamba kazi ya kuzipima ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya mafundi wa kompyuta.

Kwanza istilahi. Mwaka 1967 Michael Scriven alitofautisha tathmini inayofanywa wakati kazi ingali ikiendelea, kwa nia ya kuirekebisha, na ile inayofanywa mwishoni kwa nia ya kutoa hukumu. Hapa tutaziita tathmini jenzi na tathmini hitimishi. Istilahi "tathmini endelevu", iliyozoeleka mno katika shule zetu, haitoshi, kwa sababu mwalimu aweza kutoa alama kila wiki bila kumjenga mtu yeyote. Paul Black na Dylan Wiliam walisisitiza mwaka 1998 kwamba tathmini haiwi jenzi mpaka matokeo yake yabadilishe ufundishaji wenyewe. Yafaa msomaji ashike sharti hilo, kwani ndilo tutakalolitumia kupimia vyombo vyenyewe.

Chombo kilichoenea zaidi kililetwa na mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma kote nchini, za Subukia zikiwamo. Maafisa wa usaidizi wa mitaala walipewa vishikwambi vyenye programu iitwayo Tangerine. Afisa alikaa darasani akitazama somo, kisha akawachagua wanafunzi wachache wamsomee kifungu kwa muda wa dakika moja. Kila neno lililokosewa aliligusa kwenye kioo; dakika ilipokwisha, programu ilitoa idadi ya maneno yaliyosomwa sawasawa, na afisa akazungumza na mwalimu papo hapo. Kwa haki, mpango huo ulikuwa na sifa kubwa: mwalimu aliyezoea kuona mkaguzi akija kuandika ripoti ya kupelekwa wilayani sasa alipata mtu wa kuzungumza naye kuhusu somo la siku ile ile.

Shida imo katika hesabu. Kigezo cha usomaji fasaha kilichowekwa Kenya kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ina sababu ya kiisimu. Sentensi "Hawatatuletea kalamu" ina maneno mawili tu. Kiingereza kingehitaji maneno sita. Neno "hawatatuletea" limebeba ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Mtoto akikosea silabi moja kati ya hizo saba, programu humhesabia sifuri, sawa na yule aliyenyamaza kimya. Kupunguza kigezo kutoka 65 hadi 45 ni kukiri kwamba neno si kipashio kilicho sawa katika lugha hizi mbili, lakini ni kukiri kwa jumla tu: ndani ya Kiswahili chenyewe, neno "na" na neno "hawatatuletea" yameendelea kuhesabiwa kuwa sawa. Si ajabu kwamba uchunguzi uliofanywa nchini ulikuta watoto wakisoma maneno mengi zaidi kwa dakika katika Kiingereza, ilhali wakielewa zaidi wanachokisoma katika Kiswahili.

Sasa tugeukie kosa. Lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Subukia ni Kikuyu, na Kikalenjin husikika pia, hasa kuelekea mpaka wa Baringo. Kikuyu hakina kitambaza /l/ kama fonimu. Kina /r/ peke yake. Tena vipasuo ghuna vyake huandamana na nazali, ndiyo maana "dada" huweza kusikika "ndanda". Kikalenjin kina /l/ na /r/ zote mbili, lakini hakitofautishi kifonimu vipasuo ghuna na visoghuna, na hapo "gari" hukaribia "kari".

Natoa mfano wa kubuni wa watoto watatu wanaosoma kifungu kimoja. Wa kwanza anasoma "karamu" badala ya "kalamu", na "murango" badala ya "mlango". Wa pili anaona "kiti changu" na kutamka "kiti yangu". Wa tatu anatamka kila silabi kama ilivyoandikwa, wala hawezi kueleza hata sentensi moja aliyoisoma. Kwenye kioo cha kishikwambi, wa tatu ndiye bora.

Tukiyatazama makosa yenyewe, mambo yanageuka. Mtoto wa kwanza amesoma sawa. Ulimi wake umefuata sauti za nyumbani, na "murango" ni jirani wa karibu wa neno la Kikuyu lenyewe. Miongozo ya upimaji wa aina hii husema wazi kwamba lafudhi isihesabiwe kuwa kosa. Lakini "karamu" ni neno kamili la Kiswahili lenye maana nyingine, na afisa mwenye sekunde moja ya kuamua hana msaada wowote kutoka kwa chombo chake. Mtoto wa pili amekosea kweli, ila kosa lake ni ushahidi kwamba ameelewa: ameichukua maana, kisha akaitamka kwa upatanisho wa Kiswahili kinachosemwa sokoni. Kenneth Goodman alikwisha kueleza katika miaka ya 1960 kwamba makosa ya msomaji ni dirisha la kuonea anavyofikiri. Programu inayohifadhi idadi bila aina hulifunga dirisha hilo, na watoto wawili wanaohitaji mafunzo tofauti kabisa hupewa mrejesho mmoja: ongeza kasi.

Kuhusu tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) tutasema machache. Katika mfumo wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, mwalimu hupakua kazi za kutathmini, huwapa wanafunzi, kisha hupandisha alama. Viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, vimetungwa kwa Kiswahili kizuri. Hata hivyo, tangu tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita ilipoanza mwaka 2022, tathmini za shuleni zilipewa asilimia 60 ya matokeo. Tathmini yenye uzito huo haiwezi tena kuitwa jenzi kwa maana ya Scriven, hata ikifanyiwa darasani na mwalimu wa darasa. Mwalimu atakayeandika ukweli kwamba mtoto yuko mbali na matarajio anajua anachomgharimu.

Chombo ninachokiona kuwa na manufaa zaidi ni kinasa sauti kilichomo katika simu ya kawaida. Mwalimu akinasa dakika moja ya usomaji, anaweza kuisikiliza mara ya pili jioni na kuainisha makosa: ya matamshi, ya upatanisho, ya viambishi, ya kukisia. Tena mtoto anaweza kujisikia mwenyewe, jambo ambalo kalamu nyekundu haikuwahi kuliwezesha.

Upande wa viambishi, wataalamu hawaanzii mikono mitupu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutayarisha programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na programu ya namna hiyo ingeweza kumhesabia mtoto mofimu alizozipata ndani ya "hawatatuletea" badala ya kumnyima zote. Lakini programu hiyo husoma maandishi. Ili mashine itofautishe "karamu" ya ulimi na "karamu" ya kukisia, itahitaji sauti za watoto wenyewe, zilizonaswa Kabazi na Waseges kwa idhini ya wazazi kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka, na kuainishwa na watu wanaojua Kikuyu na Kikalenjin pamoja na Kiswahili. Sauti zilizonaswa Unguja au Nairobi hazitafaa kazi hii.