Pikipiki ya motokrosi barabarani: bei nafuu, hesabu nzito

Pikipiki za mbio za motokrosi zilizotumika, nyingi zikiwa Honda CRF na Yamaha YZ za Japani au KTM za Austria, huuzwa kwa bei ya kuvutia mara mwanamichezo anapomaliza msimu mmoja au miwili. Mwagizaji huona mashine nyepesi, yenye nguvu, inayopanda mlima wowote. Akilini anaongeza taa, namba na faida. Wengi hugundua wakati mzigo umeshafika bandarini kwamba kufunga taa ndiyo kazi ndogo kuliko zote.

Pikipiki hizi zimeundwa kwa kazi moja. Mbio moja ya ubingwa wa dunia huchukua dakika 30 na mizunguko miwili, kisha mashine inarudi kwa fundi. Ndiyo maana haina taa, honi, vioo, kipima mwendo wala stendi. Tangi lake hubeba takribani lita 6 hadi 8, na zile za kuwashwa kwa kiki kwa kawaida hazina hata betri.

Tatizo la kwanza ni umeme. Koili zilizo ndani ya magneti huzalisha umeme wa kutosha kuwasha plagi tu, au pamoja na pampu ya mafuta kwa zile za sindano. Ukiunganisha taa ya kawaida ya wati 35 hapo, inafifia kila injini inaposhuka mzunguko. Fundi anayejua kazi hubadilisha koili au kuzisuka upya, hufunga kidhibiti umeme na betri ndogo, ndipo anaweka taa. Taa za LED zimepunguza mzigo huo sana, lakini indiketa, honi na taa ya breki bado vinahitaji umeme usioyumba. Swichi ya taa ya breki nayo lazima ifungwe mbele na nyuma. Mara nyingi hutumika boliti ya mpira wa breki yenye swichi ndani yake.

Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa mipakani hulisahau. Taa nyingi zinazotoka bara la Ulaya hutupa mwanga upande wa kulia, kwa sababu huko hupita kulia. Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto, hivyo mwanga huo humpiga machoni dereva anayekuja. Anayeuza Rwanda, Burundi au Kongo, ambako hupita kulia, hana shida hiyo. Mzigo uleule unaweza kufaa upande mmoja wa mpaka na kukataliwa upande wa pili.

Gia pia zimepangwa kwa ajili ya uwanja: ziko karibu karibu, na injini hupiga kelele kabla mwendo wa barabarani haujafikiwa. Dawa rahisi ni sproketi. Ukitoka meno 13 mbele na 50 nyuma, ukaenda 14 na 48, injini hupungua mzunguko kwa takribani asilimia 11 katika mwendo uleule. Gurudumu la nyuma la motokrosi ni la inchi 19. Wanaokwenda njia za mawe hupendelea inchi 18, kwani tairi lake lina ukuta mrefu zaidi wa kulinda rimu. Matairi yenyewe yawe na alama ya kuruhusiwa barabarani. Meno marefu ya tope huteleza vibaya kwenye lami iliyolowa.

Rejeta nayo hutegemea upepo wa mwendo, maana hakuna feni. Kwenye foleni ya magari maji huchemka na kumwagika. Feni ya umeme inasaidia, ila inarudisha swali la koili.

Lakini gharama kubwa imejificha ndani ya injini. Matunzo ya motokrosi huhesabiwa kwa saa, si kwa kilomita. Mwongozo wa Honda CRF250R wa miaka ya 2000 unataja kubadilisha pistoni kila baada ya mbio 6 au takribani saa 15. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni kilomita 600, zaidi kidogo ya safari moja ya Nairobi hadi Mombasa. Mpanda taratibu anaweza kuongeza muda huo mara nne, afikie kilomita 2,400. Kwa mwenye bodaboda huo si umri wa pistoni, ni wiki chache za kazi. Aidha, fremu ya nyuma haikuundwa kubeba abiria wala gunia. Anayemuuzia mteja mashine hii kwa ajili ya biashara ya kubeba watu anamtafutia hasara, na pengine ajali.

Kwa upande wa forodha, pikipiki huingia chini ya kifungu 8711, na hugawanywa kwa ukubwa wa injini: zaidi ya cc 50 hadi 250 ni 8711.20, zaidi ya 250 hadi 500 ni 8711.30. Kwa hiyo YZ250F na CRF450R haziandikwi mstari mmoja. Juu ya thamani na ushuru huja VAT, asilimia 18 Tanzania na Uganda, asilimia 16 Kenya.

Mtego mwingine ni mashine zilizovuka Malaba au Busia kwa ajili ya mashindano. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa kuingia kwa muda, kwa dhamana, kwa sharti la kurudishwa nje ndani ya miezi 12. Mashine ya namna hiyo ikiuzwa kimyakimya, deni la ushuru linabaki hai, na mnunuzi hatapata usajili hata akifunga taa kumi.

Kabla ya kutuma fedha, nakala ya hati ya nchi itokako pamoja na namba ya chesisi zipelekwe kwa wakala wa forodha, aulize kama NTSA ya Kenya au TRA ya Tanzania itaisajili kwa matumizi ya barabara. Hati nyingi za Marekani huandikwa wazi kwamba chombo ni cha nje ya barabara tu. Mteja anayetaka kupita shambani na mjini kila siku atahudumiwa vizuri zaidi na Yamaha DT au Honda XL, ambazo hutoka kiwandani na taa zake na ambazo mafundi wa wilayani wanazifahamu kwa miaka mingi. Motokrosi iliyobadilishwa imfae yule wa mwishoni mwa wiki, mwenye fundi wake na fedha za pistoni.