Reli kabla ya lami, simu kabla ya benki: Mngeta na vizazi vyake

(Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi zana mpya zilivyoingia Ulaya kwa zamu: barabara nzuri, kisha reli, kisha simu ya waya, kisha umeme wa majumbani. Kati ya hatua na hatua palipita muda wa kutosha baba kumfundisha mwanawe kile alichokizoea yeye. Leo tushuke Bonde la Kilombero hadi Mngeta, kati ya Ifakara na Mlimba chini ya milima ya Udzungwa, tuone inakuwaje zana zinapofika bila kupanga foleni.

Reli ndiyo iliyotangulia. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 njia yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa rasmi. Mkulima ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli akaweza kupandisha magunia yake kwenye behewa. Barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, kwa upande wake, iliendelea kuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika kwa miongo mingi baada ya treni ya kwanza kupita.

Umeme nao ulikuja kinyumenyume. Mwaka 2000 ulizinduliwa mtambo wa Kihansi wenye uwezo wa megawati 180, unaotumia maji yanayoporomoka kwenye ukingo wa Udzungwa. Umeme huo ukaingia gridi ya taifa, ukawasha miji ya mbali. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi miaka saba baadaye, na vijiji vingi vya bondeni vikaendelea kusubiri nguzo. Ndiyo maana kaya nyingi zilitoka kwenye koroboi zikaingia moja kwa moja kwenye taa ya sola.

Shambani ni hivyo hivyo. Mwaka 1986 shamba kubwa la mpunga la Mngeta, la hekta zaidi ya 5,000, lilianzishwa kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini. Mwaka 2008 likachukuliwa na kampuni ya Kilombero Plantations, na kombaini zikavuna jirani kabisa na watu wanaolima kwa jembe la mkono. Wakulima wadogo wakafundishwa kilimo shadidi: mche mmoja mchanga kila shimo, kwa mistari, kwa nafasi iliyopimwa kwa kamba. Mzee aliyezoea kusia mbegu kwa kumwaga, na aliyekuwa akitambua supa na shingo ya mwali kwa kutazama suke tu, akajikuta mwanafunzi pamoja na mwanawe, darasa moja.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Wengi bondeni hawakupata kuwa na simu ya waya nyumbani, wala akaunti ya benki. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, mtu ambaye fedha zake zilikaa kwenye kibubu au ndani ya gunia la mpunga alipata akaunti, namba ya siri na wakala kwa mpigo.

Tusiseme haraka kwamba hii ni hasara. Mwanafunzi anayesoma Morogoro anatumiwa nauli papo hapo. Bei ya mpunga ya Ifakara inajulikana Mngeta kabla mnunuzi hajashuka kwenye gari. Tatizo liko kwingine: katika mageuzi ya namna hii, hakuna kizazi kinachorithi uzoefu wa hatua inayofuata.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo inachukulia kwamba mkuu amekwisha kupita njia ile. Kwenye simu, aliyepita kwanza ni mjukuu. Bibi anampa simu amsomee ujumbe, amtolee hela, hatimaye anamkabidhi na namba ya siri. Anayeshika namba hiyo ndiye anayeshika mfuko, na katika kaya nyingi mamlaka juu ya fedha yamehama hivyo, bila kikao wala ugomvi.

Lakini mjukuu naye anajua nusu. Anajua vitufe, hila haijui. Chukua mikopo ya mtandaoni. Unapakua programu, unaomba, fedha zinaingia kwa dakika chache. Ada inakatwa mwanzoni, hivyo unapokea pungufu ya unachodaiwa, na muda wa kulipa ni mfupi. Ukichelewa, programu iliyokwisha kunyonya majina yote kwenye simu yako inawaandikia ndugu zako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Deni la kijana linaingia hivyo kwenye simu ya baba mkubwa ambaye hajui hata lilivyoanza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni.

Sasa mwite mzee yeyote aliyeuza mpunga enzi za walanguzi, umweleze hesabu hiyo bila kutaja simu: kinachotolewa na kinachohesabiwa havilingani. Atakujibu kwamba hiyo ni lumbesa. Gunia linashonewa kilemba hadi linabeba madebe ya ziada, lakini linalipwa kama gunia moja. Mkopo ule ni lumbesa iliyogeuzwa: unapokea kidogo, unahesabiwa kingi. Hata ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna jipya kwa mtu aliyewahi kumkuta stendi mgeni anayejifanya ndugu.

Kumbe maarifa ya wazee hayajapitwa na wakati; yametenganishwa na zana. Kijana ana zana bila kumbukumbu ya utapeli, mzee ana kumbukumbu bila zana, na tapeli anapita katikati yao. Semina inayomfundisha mzee kubonyeza, au inayomwambia kijana awaheshimu wakubwa, itaziba upande mmoja tu.

Mahali pa kuwakutanisha papo tayari. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vya VICOBA vinakaa kila wiki, na ndani yake wamo mama wa miaka sitini na binti wa ishirini. Kikundi kitenge ajenda moja: kila mkopo wa simu usomwe hadharani kabla haujakubaliwa, kijana akifungua masharti na kuyasoma kwa sauti, mzee akiuliza swali la lumbesa: ninapokea kiasi gani, ninahesabiwa kiasi gani? Na namba ya siri ibaki kwa mwenye fedha, hata kama anahitaji kuelekezwa kila mara.

Sehemu ya tatu itazungumzia shule: mwalimu afundishe nini pale mwanafunzi anapokuwa na majibu mfukoni.