Siku ya Sifuri katika Mji wa Pai

Wako watu katika Marekani watembeao kwa miguu tangu mpaka wa Mexico hata mpaka wa Kanada, wakiifuata Continental Divide Trail, njia ya kilomita 5,000 hivi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1978. Njia hiyo yashika uti wa milima ugawanyao maji: mvua inyeshayo mashariki yaelekea Atlantiki, na ya magharibi Pasifiki. Watokao kusini, baada ya kukata zaidi ya kilomita 500 za jimbo la New Mexico, hufikia kimji cha watu wasiotimia 200, kiitwacho Pie Town, yaani Mji wa Pai. Hapo wengi hupumzika siku nzima, nao huiita siku hiyo "sifuri".

Jina hilo lisimdanganye msomaji. Mtu atembeaye kutwa, chakula chake chote kikiwa mgongoni, hali kiasi cha nguvu azitumiazo. Basi siku ya sifuri hufua nguo, hutibu malengelenge, huchukua posta kifurushi cha chakula, kisha hula hata akashiba. Asipofanya hivyo, miguu humsaliti mbele.

Mji wenyewe ni wa ajabu. Katika miaka ya 1920 Clyde Norman aliuza hapo pai za matofaa makavu, na yasemekana wakuu wa posta walipotaka jina la heshima zaidi, alikataa. Iko pia nyumba iliyotundikwa tosta kuukuu langoni, ambayo mwenyewe alihama akaiacha wazi kwa wapitaji. Huingia mtu asiyejulikana, akalala, akaacha sadaka apendavyo. Katika ulimwengu wa makufuli, jambo hilo lastahili kutazamwa mara mbili.

Lakini si wote waliofika hapo walipata kupumzika. Katika miaka ya 1930 walikuja wakulima kutoka Texas na Oklahoma, waliofukuzwa na ukame na vumbi. Walichimba vibanda nusu ardhini, wakalima mahindi na maharagwe zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mwaka 1940 Russell Lee, mpiga picha wa serikali, aliwapiga picha wakila pamoja na kuimba. Baadaye mvua ikawa haba, na wengi wakahama tena. Hawakuwa na kifurushi posta.

Tena yafaa kumkumbuka mpishi. Pumziko la msafiri ni siku ya kazi kwake: sharti aamke mapema, akande unga, akoleze tanuri. Maduka ya pai hayafunguliwi kila siku, na wako wasafiri wanung'unikao wakikuta mlango umefungwa. Mimi nasema mpishi naye anayo sifuri yake. Mwenye njaa na angoje hata kesho, au ajaze chupa zake maji, afunge mzigo, ashike barabara ya vumbi iendayo kaskazini.