Uonevu shuleni: kampeni zinafaa, ila si kwa mabango

Mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua na ikaaminika chanzo ni kuonewa na wenzao, Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa dhidi ya uonevu shuleni. Mwanasaikolojia Dan Olweus alifuatilia shule 42 za Bergen na kuripoti kuwa ndani ya miaka miwili uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Lakini katika mkoa wa Rogaland, ambako shule zilipokea vifaa vilevile vya kampeni bila kusimamiwa kwa karibu, hali haikuwa nafuu miaka mitatu baadaye.

Tofauti hiyo bado ndiyo kiini cha mjadala. Mapitio ya tathmini 100, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa programu hizi hupunguza uonevu kwa takriban asilimia 19 hadi 20. Si muujiza, lakini si haba.

Finland ilikwenda mbali zaidi kwa programu ya KiVa, inayowalenga watazamaji: wale wanaocheka, na wale wanaogeuza uso. Mwalimu wa zamu hutembea uwanjani amevaa kizibao cha rangi kali, na wanafunzi wachache wenye heshima darasani huombwa wasimame na anayeonewa. Hata hivyo, ilipotandazwa nchi nzima mwaka 2009, mafanikio yalikuwa madogo kuliko ya kwenye jaribio la awali.

Umri nao una neno. David Yeager na wenzake walibaini mwaka 2015 kuwa manufaa hufifia watoto wanapofika darasa la nane hivi. Huo ndio umri ambao watoto wetu wengi huingia kidato cha kwanza bweni, wakapewa jina la njuka au mono. Tranka hufunguliwa kwa nguvu, biskuti zinaliwa na wakubwa, na mgeni anawafulia wa kidato cha nne soksi. Hayo hutokea baada ya prepo, walimu wakiwa wamekwenda nyumbani, na mwenye mamlaka bwenini ni kiranja, pengine ndiye mwonevu mwenyewe. Kizibao cha mchana hakifiki huko.

Tena mtoto anayechapwa na mwalimu hujifunza kuwa mwenye nguvu hupiga. Huko Luwero, Uganda, programu iliyoanza kwa kubadili mwenendo wa shule nzima ilipunguza vipigo vya walimu.

Kwa hiyo mzazi anapoambiwa shule ina kampeni, asiulize kaulimbiu. Aulize ni mtu mzima gani analala bwenini, mtoto anamwambia nani bila kiranja kujua, na muhula uliopita walionewa wangapi. Shule isiyohesabu haiwezi kudai imepunguza.